Uhandisi wa dawa usogezwe Mlima Kenya

Gome la mti wa Prunus africana limevunwa misituni Kenya miaka mingi likapelekwa Ulaya kutengenezewa dawa ya tezi dume. Miraa ya Igembe, huko Meru, nayo ina kathinoni, kemikali inayofifia majani yakikauka. Uingereza ilipoipiga miraa marufuku mwaka 2014, tulililia soko. Kiwanda cha kutengenezea dawa hapa kwetu hakuna aliyekitaja.

Vyuo vikuu vya Meru, pale Nchiru, na Embu hufundisha kemia. Vifundishe pia uhandisi wa kemikali na dawa, yaani kutoa kilichofaulu kwenye chupa ya maabara na kukizalisha kwa tani, kila kidonge na kipimo kilekile. Kaunti zitenge basari. Lakini mtambo wa majaribio utangulie kozi. Mhandisi wa ubaoni hatumtaki.