Gari umelipa, kampuni ingali inaigusa

Mwezi wa 5 mwaka 2019 kampuni ya Tesla ilituma programu mpya, kwa njia ya intaneti, ndani ya gari zake za umeme za zamani aina ya Model S. Hakuna fundi aliyezigusa, lakini betri hazikujaa tena kama mbele. Eti ni kulinda betri. Wenye gari walienda mahakamani Marekani. Mwaka 2021 Tesla ikakubali kulipa dola 625 kwa kila gari.

Huku Malemba-Nkulu gari hizo hatunazo, ijapokuwa kobalti ya betri inachimbwa Kolwezi. Simu tunazo. Mwaka 2025 WhatsApp ilikatika kwenye Android za zamani. Mama aliyekimbia vita, anayetafuta watoto wake kwa simu hiyo, atashitaki wapi? Programu ya kuzuia moto, sawa, itumwe. Lakini kupunguza kitu nilichokwisha kulipa, kwanza niulizwe.