Bodi za Jipsamu Zisiishie Timboni

Wenzangu wa Tiwi, majuzi mvua ilipokatika nilichungulia timbo moja lililoachwa baada ya kuchongwa mawe. Chini kulikuwa na dari nzima ya jipsamu iliyobomolewa: karatasi zimebabuka, unga wake umelowa ukawa kama uji wa sembe, na juu yake mabaki ya jikoni yaliyooza. Kulinuka mayai viza.

Harufu ile si ya uozo tu. Jipsamu ina salfa, na ikifukiwa na taka zinazooza mahali penye maji pasipofika hewa, vijidudu huigeuza salfa hiyo kuwa gesi yenye sumu. Nyingine huyeyuka na kuzama na maji. Yanazama wapi? Mwamba wetu wa matumbawe una matundu tele, na chini yake kuna maji ya visima.

Tena hoteli hukarabatiwa wageni wakipungua, yaani masika, mvua inaponyesha kwelikweli! Kwa hiyo mafundi, nawasihi: mkishusha dari, toeni skrubu, tieni vipande kwenye magunia yake peke yake, mvifunike turubai. Vilivyobaki kwenye ujenzi mpya, visivyo na rangi, ndivyo safi zaidi. Msivichanganye na vingine. Wenye hoteli, liandikeni jambo hili kwenye mkataba na mlilipie. Wenye matimbo, rudisheni malori yanayoleta bodi hizi, hata mkipewa cha chai.

Magunia mawili hayana mnunuzi. Lori zima lililo kavu ni mzigo wa kuzungumzwa na kiwanda cha saruji, kwa kuwa saruji husagwa na jipsamu kidogo, kama asilimia 5, ili isishike kabla fundi hajaitandaza. Hakuna kati yetu atakayejaza lori peke yake. Tunahitaji banda moja la pamoja, lenye paa na sakafu iliyoinuka, na mtu wa kulitunza.

Jambo hili tulipeleke kwenye baraza la chifu. Kaunti nayo tuiite ije, maana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeipa jukumu la kusimamia taka. Aliye na kiwanja karibu na barabara ya lami aseme. Wenye mabati ya akiba wayalete. Banda lisimame kabla ya Aprili.