Madoa ya uzee yasitibiwe saluni

Tiba ya madoa ya uzee, yaani mabaka ya kahawia yaletwayo na jua la miaka mingi, iwe kwa krimu au leza, haipaswi kutolewa kabla daktari wa ngozi hajayachunguza, kwani baka linalodhaniwa la uzee laweza kuwa saratani.

Haidrokwinoni, kemikali ya baadhi ya krimu hizo inayopunguza melanini, yaani rangi ya ngozi, imepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania na Kenya kwa sababu ikipakwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa kudumu. Zebaki, inayofichwa katika baadhi ya krimu, huharibu figo.

Leza, mwali wa mwanga unaovunja melanini, hufanya kazi upesi kuliko krimu, lakini ngozi nyeusi hufyonza nishati yake nyingi na huweza kuungua.

Kwa hatari hizo, wenye dhamana wakague sasa saluni na maduka ya vipodozi yanayotoa tiba hizi.