Vita vya Kagera vinamhitaji msimulizi wa miaka kumi na mitano

Mwezi Machi 1916 safu ya Jenerali Stewart ya jeshi la Waingereza, iliyotokea Longido kuwafukuza Wajerumani, ilipita Bomang'ombe ikielekea Moshi. Machi 1979 mji huohuo wa Moshi uliwapokea Waganda waliokuwa uhamishoni. Walikutana hapo, wakaunda umoja wa UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Wiki chache baadaye Lule akaapishwa kuwa Rais wa Uganda. Katikati ya matukio hayo mawili, Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi Tengeru karibu na Arusha. Nchi yao ilivamiwa mwaka 1939, wao wakasombwa hadi Siberia, na njia ndefu ya ukimbizi ikaja kuwatua chini ya Mlima Meru.

Ukanda huu unazijua vita. Hata hivyo, kijana wa sekondari pale Bomang'ombe anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuwekewa mezani riwaya hata moja ya Kiswahili ambamo mtu wa rika lake anaamka asubuhi na kukuta askari wa kigeni wamekwishaingia kijijini.

Wenzetu wa Australia wanayo. Mwaka 1993 John Marsden alitoa riwaya iitwayo Tomorrow, When the War Began. Vijana saba wa mji mdogo wanakwenda kupiga kambi porini, wanarudi na kukuta wazazi wao wamekamatwa na mji umetwaliwa na jeshi la kigeni. Msimulizi ni Ellie, binti wa mfugaji, na kisa chake kilijaza vitabu saba, kikasomwa mashuleni na mwaka 2010 kikatengenezewa filamu. Ajabu ni kwamba Marsden alilazimika kuubuni uvamizi huo. Tanzania haikuhitaji kubuni. Ilivamiwa kweli, tarehe inajulikana, na walioshuhudia bado wako hai.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo hilo, la takriban kilometa za mraba 1,800, limekuwa sehemu ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa, na waliobaki ng'ambo wakakosa njia ya kawaida ya kutokea. Askari wa Amin waliua raia, waliteka wanawake, waliswaga ng'ombe kwa maelfu na kupora kiwanda cha sukari cha Kagera. Watu wapatao 40,000 walikimbia makwao. Ndani ya hesabu hiyo walikuwamo watoto wa shule waliobeba wadogo zao mgongoni, waliopotezana na mama zao njiani, waliolala migombani wakisikiliza magari ya adui. Kanisa la Kyaka lililobomolewa na mabomu lingali magofu hadi leo.

Vita hiyo haikuishia Kagera. Jeshi lilipanuliwa hadi kupita watu laki moja kwa kuwaingiza mgambo, polisi na vijana wa JKT. Magari ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kusafirisha askari, wananchi wakachanga ng'ombe na chakula. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, Nyerere aliwataka Watanzania wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane, na kila aliyekuwa kijana wakati ule anakumbuka jinsi miezi hiyo ilivyogeuka miaka: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, shati moja la kwendea shule. Kijana wa Machame au Kibosho hakumwona askari wa Nduli Amin kwa macho, lakini kaka yake aliondoka na lori la jeshi, na yeye ndiye aliyebaki na kazi za kaka yake shambani.

Haya yote yako wapi kwenye vitabu vya vijana? Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Ni vitabu vizuri. Mbogo hasa alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kumweka mtoto katikati ya dhiki na kumwachia aamue mwenyewe la kufanya, bila mtu mzima wa kumshika mkono. Kinachokosekana ni vita. Kagera iliandikiwa utenzi na Henry Muhanika mwaka 1981, na kabla yake Baldwin Mzirai alikuwa amekwishatoa Kuzama kwa Idi Amin. Kazi hizo zilifanya lililotakiwa wakati ule: kusherehekea ushindi, kuhifadhi majina ya makamanda na mapigano. Kijana anayezisoma leo anajifunza nani alishinda. Hajifunzi mtu wa miaka kumi na mitano alikula nini siku ya tatu ya kujificha, wala alimwambia nini mdogo wake aliyekuwa akilia wakati askari wanapita.

Wapo wazazi na walimu wanaosema ni heri iwe hivyo, kwamba vita ni mambo mazito kwa watoto. Hofu yao inatoka kwenye mapenzi, na inastahili jibu. Jibu la kwanza liko Nyarugusu, Kasulu, ambako Wakongo wamekuwa wakiishi kambini tangu mwaka 1996. Jingine liko Goma, mji ulioangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, ambako vijana wanaozungumza Kiswahili walikimbia risasi wakiwa na daftari zao mfukoni. Kwa vijana hawa vita si habari ya watu wazima. Na yule wa Bomang'ombe ambaye hajakimbia popote ana simu yenye picha za maiti za Gaza, Sudan na Ukraine, zisizo na jina la mtu wala maelezo. Riwaya nzuri inampunguzia mzigo huo, kwa sababu inampa mtu mmoja wa kumfuata, mwenye jina, mwenye uoga, mwenye makosa, na inampa muda wa kufikiri pamoja naye. Kumnyima kitabu huku amebaki na simu ni kumlinda upande mmoja na kumwacha wazi upande mwingine.

Uganda imetutangulia. Mwaka 2007 Goretti Kyomuhendo alichapisha Waiting, riwaya fupi ya Kiingereza inayosimuliwa na Alinda, msichana wa kijijini upande wa Hoima, mwaka 1979 wakati askari wa Amin wakirudi nyuma huku wakipora na kuua. Nyumba nzima inasubiri usiku uishe. Baadaye wakombozi wanafika, nao ni Watanzania. Hapo ndipo msomaji wa Kitanzania anapopata kitu ambacho vitabu vyetu havikumpa: kuwaona askari wetu kwa jicho la mtoto wa nchi nyingine, ambaye hajui kama awakimbilie au awakimbie.

Jicho hilo ni la lazima, na hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili anapaswa kumzidi Marsden. Wavamizi wa Marsden hawana nchi, hawana jina, karibu hawana sura. Ni rahisi kumchukia mtu wa namna hiyo, na mwandishi wetu hana ruhusa ya urahisi huo. Wakazi wa pande mbili za mpaka wa Mutukula wanaoana, wanazikana, wanauziana ndizi na kahawa, na lugha zao ni za ukoo mmoja. Tena baadhi ya yaliyofanywa na upande wetu hayapendezi. Mutukula ilipotekwa Januari 1979, askari wa Tanzania waliwaua raia waliobaki na kuuvunja mji kwa matingatinga. Nyerere alikasirika na kuagiza raia wa Uganda walindwe. Riwaya itakayomficha kijana jambo hilo itakuwa hotuba yenye wahusika. Itakayolisema, ikamwonyesha pia kijana wa Kitanzania mwenye bunduki akitetemeka mbele ya mzee wa Kiganda, itamtayarisha raia atakayejua tofauti kati ya kutetea nchi na kulipiza kisasi.

Mwandishi wa Kilimanjaro anaweza hata kuanzia nyumbani. Marangu na Mamba yangalipo mahandaki ambayo Wachagga waliyachimba kwa mkono ili kujificha wakati wa uvamizi wa Wamasai na vita kati ya himaya za mangi. Mdomo ni mwembamba, mtu anaingia kwa kujikunyata. Ndani kuna nafasi za familia, mahali pa mifugo na matundu ya kupitishia hewa, na aliyewekwa zamu mlangoni alimsubiri adui ambaye hangeweza kuingia isipokuwa peke yake, kichwa kikitangulia. Nani alikaa zamu hiyo wakati wanaume wako nje wakipigana? Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga Old Moshi Mangi Meli, Mangi Ngalami wa Siha na viongozi wenzao, kumi na tisa kwa jumla. Wapo vijana walioshuhudia, wakarudi nyumbani jioni ile na kuendelea kuishi chini ya waliowanyonga. Hizo ni riwaya mbili zinazosubiri mwandishi, na zote ziko mwendo wa daladala kutoka Bomang'ombe.

Njia za kuzichapisha zipo. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tuzo hiyo ingefanya jambo jema kufungua mlango wa riwaya za wasomaji wa miaka 13 hadi 18, na kwa mwaka mmoja kuomba miswada ya vita vya Kagera. Lakini malighafi haiwezi kusubiri tuzo. Aliyekuwa na miaka kumi na mitano Oktoba 1978 alizaliwa mwaka 1963, na sasa amepita sitini. Waliokuwa mgambo ni wazee zaidi, na wengi wao wamekwishazikwa. Mwalimu wa Kiswahili aliye Hai, Moshi au Rombo awape wanafunzi wake kazi hii muhula huu: kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyekuwa kijana wakati wa vita, amrekodi kwa simu, aandike kurasa tano, naye mwalimu azitunze.