Wenye kuchunga mawe ya makumbusho waje Butembo, na sisi tukae mezani



Kuna kazi wengi hawaijue: kuchunga mawe ndani ya makumbusho. Watu wa kazi hiyo wanaandika jiwe lilitoka wapi, mwaka gani, nani alilitoa. Wako na mikutano yao ya kupatana juu ya kazi. Ombi langu ni moja: siku watapanga mukutano juu ya mawe ya Kongo, waufanyie Butembo.

Vitu vya kwetu vilisafiri zamani. Mufupa wa Ishango, wenye mistari watu wanasema ni ya kuhesabu, mujiolojia Jean de Heinzelin aliutoa mu 1950, hapa kwetu teritware ya Beni, pale Semliki inatoka ndani ya ziwa Edouard. Leo uko Brussels. Kule Rutshuru, Lueshe iliachia jiwe jina lake: lueshite. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, inachunga mawe na karata za inchi yetu tangu ukoloni. Mutoto wa Manguredjipa atayaona wapi?

Mutu atauliza: muchimbaji atafanya nini kati ya wasomi? Kwanza, karata ya zamani inaokoa mutu. Kampuni ya MGL ilichimba zahabu upande wa Manguredjipa wakati wa ukoloni. Ukichimba juu ya shimo la zamani bila kujua, udongo unakumeza. Pili, jina la jiwe ndiyo bei yake. Mununuzi akikuambia "hii ni jiwe bure", utamujibu na nini? Tatu, sisi pia tunajua: mushipa wa zahabu unakatikia wapi, maji yanaingilia wapi. Hayo yaandikwe, na jina la muchimbaji likae pale.

Wengine wanaogopa karata zikionekana, wakubwa watakuja kutufukuza. Ndugu, mwenye pesa ya ndege anaweza kwenda kuzisoma huko huko. Sisi ndio hatuwezi.

Basi mukutano upangwe vizuri. Chuo kikuu cha Graben kiko hapa, wasiende kujifungia katika hoteli. Kila koperative itume wajumbe wake, na wamama wenye kutwanga na kubeba mawe wasisahauliwe. Wenye kualika walipe njia na chakula, juu siku moja inje ya kariyeri ni siku moja nyumba haipike. Watu waongee Kiswahili na Kinande, kifaransa kitafsiriwe. Na wakienda, kopi za karata zibaki kwa koperative na kwa SAEMAPE, zisifungiwe ndani ya biro moja.

Sheria ya migodi ya 2002, ile ilirekebishwa mu 2018, inatutaka tuingie katika koperative. Tumeingia. Sasa koperative ziandike barua, ziombe mukutano huo. Tukinyamaza, watakutana mbali, na mawe yetu yataongelewa bila sisi.