Chamchela si Kimbunga

Wakati wa kiangazi mtu akaaye Kiwanjani, jirani na kiwanja cha ndege cha Isiolo, huona saa sita mchana nguzo ya vumbi ikiinuka na kuzunguka, ikichukua majani makavu na makaratasi, kisha ikatoweka kabla maji ya chai hayajachemka. Wako wasemao kuwa ni jini apitaye. Wengine husema ni kimbunga. Hawa wa pili ndio wanaofaa kusahihishwa kwanza, maana kosa lao laweza kuua.

Chamchela huzaliwa chini. Jua huunguza ardhi tupu, hewa iliyoigusa hupata moto na kupanda upesi, na hewa ya pembeni hukimbilia mahali pake huku ikizunguka. Haihitaji wingu lolote, na kwa kawaida haidumu ila dakika chache.

Kimbunga cha nchi kavu, ambacho Wamarekani hukiita tonado, hutoka juu. Huning'inia katika wingu kubwa la radi mfano wa mkonga wa ndovu, hata kikagusa ardhi. Tarehe 18 Machi 1925 kimoja kilipita katika majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana kikaua watu 695. Upepo wa vile vikali kabisa hupita kilomita 320 kwa saa. Basi anayetaka kuvitofautisha na atazame juu kwanza.

Tena iko tufani ya baharini, yenye upana wa mamia ya kilomita, kama ile iliyoangusha mikarafuu ya Unguja mwaka 1872. Isiolo haifikiwi nayo, kwa kuwa karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuipindisha hewa ikawa tufani. Lakini Mei 2024 redio zilipotangaza Kimbunga Hidaya kilichoelekea Mafia, zilitumia neno lile lile. Mtu aliyezoea kuita kila vumbi kimbunga, akiwa mgeni pwani siku kama hiyo, atafunga dirisha tu na kungoja dakika mbili.

Hata hivyo chamchela nayo si mchezo. Huweza kung'oa mabati yasiyopigiliwa vizuri na kuyumbisha ndege ndogo inapotua. Mkulima achomaye takataka za shamba mchana wa jua kali aweza kuona makaa yake yakibebwa mpaka malishoni mwa jirani. Heri angoje asubuhi na mapema, ardhi ingali baridi.