Vipanya vya mwaka mmoja: tumechoka!

Haya wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu programu. Leo naandika kuhusu kile kidude kilicho mkononi mwako sasa hivi. Wengine hukiita puku, wengine kipanya. Mimi nitakiita kipanya, na nina hasira nacho.

Wiki jana nilibofya faili mara moja tu ili niichague, ikafunguka. Nikajaribu nyingine, ikafunguka pia. Nikaburuta folda ya kazi ya mteja, kipanya kikaiachia katikati ya safari, ikadondokea ndani ya folda nisiyoijua. Niliitafuta saa nzima. Kipanya chenyewe nilikinunua shilingi 6,500, kina miezi 14, na dhamana yake ilikuwa ya miezi 12. Hesabu mwenyewe.

Nikamweleza jirani yangu wa ofisini, akacheka. "Kaka, si ununue kingine tu?" Jibu hilo ndilo linaloniudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Tumezoeshwa.

Kwanza tuelewe kinachoharibika. Chini ya kitufe cha kushoto kuna swichi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mna ulimi mwembamba wa shaba unaopinda na kurudi kila unapobofya. Siku zikipita, ulimi unachoka na ncha zinashika kutu nyembamba isiyoonekana kwa macho. Umeme unaopita hapo ni mdogo mno, hauwezi kuichoma kutu hiyo. Basi ulimi unagusa, unaruka, unagusa tena, na kompyuta inadhani umebofya mara mbili. Ndiyo hadithi yote. Sensa ni nzima na waya ni mzima, lakini kipanya kizima kinatupwa kwa sababu ya kipande kimoja.

Ugonjwa huu umeenea kiasi kwamba sisi waandishi wa programu tumelazimika kuutungia dawa. Kwenye Linux, maktaba ya libinput ina kinga ya kupuuza mbofyo wa pili unaofuata upesi kuliko kidole cha binadamu kinavyoweza. Fikiria hilo. Chuma kimeshindwa kazi, programu inakifichia aibu!

Utaambiwa swichi hazidumu kwa sababu tunabofya sana. Tupige hesabu. Tuseme nabofya mara 4,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni mara 1,200,000. Swichi iliyopimwa kwa mibofyo milioni 5 ingenifikisha miaka minne. Ya milioni 20 ingepita miaka 16. Swichi za namna hizo zote zipo sokoni. Najua vumbi na jasho la mkono havimo katika kipimo hicho, lakini kati ya miaka minne na miezi 14 kuna pengo ambalo vumbi peke yake halilijazi.

Wengine wataniletea methali: rahisi ni ghali, nunua cha bei. Nilinunua cha bei! Nilipokifungua nikakuta swichi isiyotofautiana na ile ya kipanya changu cha zamani cha shilingi 400. Pesa zangu zilienda kwenye taa za rangi na ule mpira laini wa juu, ambao baada ya muda unageuka gundi mkononi. Na yule asiye na 6,500 tumweleze nini? Rafiki yangu ana saiba yenye kompyuta kumi mjini Thika. Kila kompyuta humaliza vipanya viwili kwa mwaka, kila kimoja shilingi 400. Ni 8,000 kila mwaka zinazoishia kwenye pipa, na akirudi dukani anaonyeshwa maandishi ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Huyo si mjinga wa kununua vitu rahisi. Huyo hajaelezwa lolote na boksi alilonunua.

Mnakumbuka vipanya vya kigololi? Ulizungusha kifuniko cha chini, ukatoa kigololi, ukakwangua uchafu kwa ukucha, kazi ikaendelea. Mwaka 1999 Microsoft ilileta IntelliMouse Explorer, kipanya cha mwanga kisicho na kigololi, na sisemi turudi nyuma. Lakini mlango wa kigololi ulipozibwa, hatukupewa mlango mwingine. Leo skrubu zimefichwa chini ya vibandiko vya miguuni, ukivibandua haviketi tena.

Changu nilikipeleka kwa fundi Luthuli Avenue. Swichi shilingi 100, kulehemu 200, dakika ishirini. Kinabofya kama kipya. Mia tatu tu, na mwenye duka alitaka nilipe 6,500 nyingine!

Wenye viwanda nao wana mawazo yao ya kudumu. Julai 2024 mkuu wa Logitech, Hanneke Faber, alizungumza katika mahojiano kuhusu "kipanya cha milele", ambacho huenda kingeambatana na malipo ya mara kwa mara ya programu. Watu walipiga kelele, kampuni ikasema haina mpango wa kukitengeneza. Sawa. Lakini wazo lilishasemwa: kudumu kuwe kitu cha kukodishwa. Mimi nasema kudumu ni sehemu ya bei niliyokwisha lipa.

Na si mimi tu ninayesema. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Basi nataka mambo matatu: boksi liandikwe aina ya swichi na idadi ya mibofyo iliyopimwa; skrubu ziwe wazi; waya uchomoke, maana nao hukatika palepale unapoingilia.

Mpaka hapo, ukienda dukani usiulize kwanza bei wala taa. Uliza: swichi yake ni gani, na inafunguliwaje? Muuzaji akikukodolea macho, weka pesa mfukoni, peleka cha zamani kwa fundi.